Suruali ya Bluu Kwenye Kamba ya Mama Yako

Tatu, mama,

Nimekaa kwenye kigoda chini ya nguo zako. Umefua tangu asubuhi, umejaza kamba nzima, halafu umekwenda Mlandizi kuwaaga shangazi zako. Umeniachia neno moja tu: "Baba, niangalizie." Basi ninaangalia. Na kwa kuwa mtu hawezi kukodolea macho nguo saa nzima kama mlinzi wa bendera, nimechukua daftari lako lililobaki kurasa, na kalamu niliyoinunua mwenyewe dukani. Mwalimu Kondo aliponiona nahangaika alininyooshea ya kwake juu ya ua. Nilimwambia sina shida. Barua ya mwanangu siiandiki kwa wino wa mtu, na wa yule ndio kabisa.

Utaona herufi zangu zinapanda na kushuka. Usicheke. Mimi nilisoma ngumbaro miezi minane tu, na katika darasa lile la watu wazima ndimi niliyetangulia kuandika jina langu bila kuangalia ubao. Waulize. Waliobaki ni wachache, lakini waulize.

Kesho unakwenda Maneromango kuanza uuguzi, na utakaa kwa mama yako. Habari za kula, kulala, kuswali na kuwahi kazini sikuandikii, hizo unazijua kunishinda. Nataka kukuandikia habari ya kamba hii ya nguo. Huko unakokwenda utakuja kuambiwa, na nataka usikie kwangu kwanza. Mama yako ana haki ya kusema. Mimi nina haki ya kutangulia.

Kwanza ujue kamba hii niliisimamisha mimi. Wakati ule hapa Mbwawa nyumba zilikuwa za kutafuta. Watu walianika juu ya ua na juu ya majani, unavaa shati unavaa na upupu wake. Mimi nilikuwa kibarua Zegereni kwenye kiwanda, nikapewa mabomba mawili ya chuma yaliyokuwa yametupwa. Niliyabeba begani mpaka hapa, peke yangu, jua la saa saba. Nikachimba, nikasimika, nikavuta waya mnene hatua thelathini. Mpaka leo nguzo hizo hazijainama. Kamba nyingine zote za mtaa huu zimewahi kulala chini, yangu bado.

Majirani sita walikuwa wanaanika hapa, na mimi nilipenda. Nilikuwa natoka asubuhi naangalia nguo za watu kwenye waya wangu kama mtu anayeangalia ng'ombe wake.

Nguo zikiwa nyingi hazikosi maneno. Mjumbe wetu, Bi Hadija, akatuita barazani kwake tukaweka sheria. Kamba isikatize njia, maana mama mmoja alishanaswa ndoo ya kichwani akaoga bila kutaka. Nguo za ndani zianikwe upande wa ndani na zifunikwe kanga. Maji ya sabuni yasimwagwe chini ya nguo za mwenzio. Hizo zilikuwa zao. Mimi nikasimama nikasema, mvua je? Watu wanakwenda shamba, wanakwenda kazini, mvua inawakuta huko. Basi mvua ikianza, aliyepo nyumbani aanue za wote, azikunje, aziweke pakavu mpaka mwenyewe arudi. Bi Hadija akasema, "Mzee Pazi leo umetoa la maana." Akasema leo, kana kwamba siku nyingine natoa upepo. Lakini sheria ile ilipendwa kuliko zote, na ilikuwa yangu. Hilo ulishike, ndipo utajua jinsi nilivyojichimbia shimo.

Halafu akaja Mwalimu Kondo akajenga hapo jirani. Mjane, hana mtoto ndani, anafua mwenyewe kila Jumamosi. Mashati sita meupe. Anayatia bluu ya kung'arisha, anayakung'uta, anayaanika yamegeuzwa chini juu, mikono inaning'inia. Jua likiyapiga unafumba macho. Pembeni yake inaning'inia ovaroli yangu ya kiwandani, na mafuta ya mashine hayatoki hata ukichemsha.

Siku moja mama yako anapita na beseni, akayaangalia, akasema, "Mwalimu anajua kufua."

Maneno matatu. Nilikaa nayo wiki nzima. Nilikula nayo, nikalala nayo. Kwangu alikuwa hajasema kwamba najua kitu tangu nilipopaua paa. Nikaanza kumtazama Mwalimu miguu, ile miguu yake ya mwiko, nikajiuliza mwanamke anaona nini hapo. Nikaanza kufua ovaroli mwenyewe, kwa siri, kwa sabuni ya mche nusu nzima, ikatoka vilevile.

Sasa ikaja mvua. Nilirudi kutoka Zegereni nimelowa mpaka mfupa. Naingia chumbani, nakuta mashati meupe sita yamekunjwa juu ya kitanda changu. Na fulana zake mbili.

Nikamwuliza mama yako, "Haya ya nani?"

"Ya Mwalimu. Mvua imemkuta shule."

"Yako kitandani kwangu."

"Ningeyaweka wapi, baba Tatu? Jikoni kwenye moshi?"

"Umeyakunja."

"Nimekunja za wote. Si sheria yako? Na za Mama Ashura hizo hapo, mbona huziulizi?"

Kweli zilikuwapo, gauni na shuka, rundo kubwa kuliko la Mwalimu. Sikuwa nimeziona. Wivu, mwanangu, haukufanyi kipofu kama wanavyosema. Unakuonesha vizuri sana kitu kimoja, basi. Mimi niliona hata jinsi kola zilivyolazwa. Nikajiambia za kwangu hazikunjwi hivi. Zilikuwa zinakunjwa hivyohivyo. Mkono ni mmoja.

Nikayabeba yote nikatoka nayo nikayatupa kwenye tope. Na Mwalimu ndiyo anaingia uani kwake na mwavuli. Alisimama. Akaufunga mwavuli, akaja akayaokota moja moja, akayatia kifuani. Halafu akaniambia, "Ahsante kwa kuniangalizia, mzee." Akaenda zake. Mpaka leo sijajua kama alinikejeli au aliniheshimu, na jambo hilo linanichoma kuliko kama angenitukana.

Nikaenda kwa Bi Hadija. Nikasema waya ni wangu, mabomba yangu, natoa sheria mpya, kila mmoja aanue za kwake. Asiguse mtu nguo ya nyumba nyingine.

Mama Ashura alikuwapo, tumbo lake kubwa, kakaa kwenye kizingiti. Akaniuliza, "Na kama mwenyewe yuko shamba?"

"Zilowe."

"Na kama yuko msibani?"

"Zilowe."

"Na nguo za mtoto?"

Hapo nilisita kidogo. Lakini watu walikuwa wananitazama, na Mwalimu alikuwapo kwenye kona, na mimi sijawahi kurudisha neno mbele ya watu. Nikasema, "Zilowe."

Wewe wakati ule ulikuwa na miaka kumi na mitatu, unashinda shule, mambo haya yalikupita juu ya kichwa.

Haukupita mwezi. Mama Ashura akashikwa na uchungu alfajiri, akapelekwa hospitali. Alikuwa amefua jana yake vitu vyote vya mtoto, akavianika hapa jioni, vikalala nje. Vifulana, vitambaa vya kumfungia, kofia ndogo ya manjano. Mimi siku hiyo sikuwa na zamu. Saa nane mbingu ikafunga. Mama yako akainuka pale alipokuwa anachambua mchicha.

Mimi nikaweka mkono mlangoni.

"Nipishe," akasema.

"Sheria ni sheria."

"Sheria yako."

"Ndiyo. Yangu."

Yeye ni mfupi, unamjua, angeweza kupita chini ya mkono wangu bila kuinama. Hakupita. Alisimama nyuma yangu akaangalia mpaka kile kikofia kikaanguka kwenye tope. Mimi nilifikiri nimeshinda. Nilijisikia mwanaume hasa, nimesimama mlangoni kwangu, mkono umenyooka, natetea nyumba yangu dhidi ya nguo za kichanga.

Jioni Mama Ashura akarudishwa na mtoto wa kiume, na hapana kitambaa kikavu nyumbani kwake. Mama yako akachana kanga yake mpya vipande vinne, akavuka navyo. Aliporudi akaniambia maneno niliyoyashika mpaka leo. Alisema, "Baba Tatu, nguo za mtoto zinalowa mbele ya macho yangu nami nimesimama nyuma ya mkono wako. Kama hivyo ndivyo, hii nyumba siyo yangu, mimi ni mgeni niliyechelewa kuondoka."

Asubuhi akaenda kwao Kisarawe, huko Maneromango. Mtoto yule yuko darasa la tatu sasa, ndiye Ramadhani anayekuchotea maji. Kila akinipa shikamoo naangalia pembeni.

Sasa nafika palipo pazito, na kalamu yangu inataka kuishiwa wino kwa makusudi.

Watu walisema mama yako aliondoka kwa sababu ya Mwalimu. Ulisikia. Mtu mmoja dukani aliniuliza, "Mzee Pazi, eti ni yule jirani?" Mimi sikusema ndiyo. Nilishusha pumzi tu, nikaangalia chini kama mtu aliyedhulumiwa. Pumzi ile ilizunguka mtaa mzima kabla sijafika nyumbani. Wakanionea huruma, wakanipa kiti kila nilipokwenda, na mimi nikakalia. Na wewe ulikuja ukaniuliza, umesimama hapahapa kwenye nguzo, sare ya shule mwilini, "Baba, ni kweli?" Nikakujibu, "Hayo mambo ya wakubwa."

Hayakuwa ya wakubwa. Mama yako hakufanya lolote na mtu yeyote. Alianua nguo, basi, kwa sheria niliyoitunga mimi. Umekaa miaka tisa unamtazama mama yako kwa jicho nililokuazima mimi. Nakuomba ulirudishe hapa kabla hujaondoka. Huko usiende nalo.

Usidhani nilikaa bure miaka hiyo. Mwaka wa pili nilimfuata. Hukujua hilo. Nilikuambia nakwenda Magindu kuangalia mbuzi. Nilinunua waya mpya, nikauviringisha begani, nikashika njia ya Mlandizi mpaka Mzenga, kutoka hapo mpaka Maneromango. Shabaha yangu nimsimamishie kamba nzuri, nisiseme neno, aone mwenyewe. Mimi kuomba radhi kwa mdomo sikuzaliwa nako, lakini nguzo najua kusimika.

Nikafika mpaka pale barabarani ambapo nyumba yao inaonekana, kule chini kwenye mikorosho. Nikasimama niangalie kwanza. Kamba yake ilikuwa ya katani, imelegea katikati kama tumbo la mbuzi. Kuna kanga mbili, kuna gauni, na katikati kuna suruali ya mwanaume. Ya bluu.

Kwao pale hakuna mwanaume. Babu yako alishafariki, wajomba zako wako Dar. Nilikuwa mbali, lakini mwenye wivu hana haja ya kusogea. Nikahesabu mara mbili, suruali ni suruali. Upepo unaijaza, inatembea hewani. Nikageuka na waya wangu begani. Nilipofika hapa nikautundika bandani, ndio ule mnaouliza kila siku ni wa nini nami nawajibu hauwahusu.

Miaka saba, Tatu, nimeishi na mwenye suruali ile. Nilimpa urefu, nilimpa sauti. Ulipokuwa unakwenda likizo kwa mama yako, ukirudi nilikuwa nakupokea mfuko, naunusa. Sare yako inarudi nyeupe kuliko ninavyoifua mimi. Unakumbuka nilikuwa naifua tena siku hiyohiyo na wewe unasema, "Baba, mama ameshafua"? Nikakuambia ina vumbi la njiani. Haikuwa na vumbi. Sikutaka ukae darasani hapa Mbwawa na weupe wa Kisarawe. Na sikuwahi kukuuliza ni nani mwingine anakaa mle ndani, maana niliogopa ungejibu.

Mpaka juzi. Ulikuwa unapanga begi, unacheka na simu yako, ukaniambia bila kugeuka, "Baba, huna suruali kuukuu? Nimpelekee mama, ile ya bluu imechanika."

Nikasema, "Ya bluu ipi?"

"Si yako ile ya kiwandani, aliyoondoka nayo. Anaianika kila siku asubuhi na kanga zake. Wezi wakipita wajue ndani kuna mwanaume."

Nilikuambia sina suruali ya kutoa. Ukaguna, ukaendelea kupanga. Hukuniona nilivyokaa chini.

Kwa hiyo yule mtu niliyemchukia miaka saba ni mimi. Nilisimama barabarani nikajionea wivu mwenyewe, nikageuka nikarudi. Nimewajua wanaume wengi wajinga hapa Kibaha, lakini kwa hili nawatangulia wote.

Nimeacha kidogo kuandika. Mvua imekuja.

Nimeanua zako zote, hakuna iliyolowa. Sare zako nyeupe za kazi nimezikunja mwenyewe, utaona mikunjo si mizuri, usizikunje upya mbele yangu. Nilipokuwa natoa vibanio vya mwisho nikainua macho. Mwalimu naye alikuwa ameanika leo, kwenye kamba yake, maana tangu siku ile haniombi yangu. Mashati yake yaleyale sita, na yeye yuko kwenye kikao shule. Matone makubwa. Nikayaangalia. Nikasema moyoni, zilowe. Nikasema tena. Halafu nikaona Ramadhani kasimama mlangoni kwao, ananitazama.

Nimeyaanua. Usinisifu. Nimeyaweka kwenye kiti cha barazani, sikuyaingiza chumbani, na sikuyakunja, maana sijafika huko. Yananukia sabuni ya madukani, sabuni ya mtu anayejipenda. Bado simpendi. Akija kuyachukua nitampa, na akisema ahsante nitamjibu "haya". Zaidi ya hapo asitegemee.

Na nisikufiche, hata wewe nakuonea wivu. Kesho mama yako atakupokea mlangoni, atakuvua begi, atakuita majina yako ya utotoni, na jioni mtakaa mnachambua mboga mnazungumza mpaka mate yawakauke. Mimi nimekulea miaka tisa, nimejifunza kusuka nywele kwa kutazama majirani, nikakusuka vibaya ukaenda shule hivyohivyo bila kulalamika. Leo napewa nguo za kuangalia. Nimekasirika kidogo. Itapita, au haitapita.

Utakapofungua begi, chini kabisa, chini ya viatu, utakuta suruali yangu. Siyo kuukuu. Ni ile ya kijivu niliyoshonesha Idi iliyopita. Nimeivaa juzi, jana na leo, nikalima nayo, nikachuchumaa nayo, ili magoti yatokeze na kiuno kikae umbo la mtu. Suruali mpya kabisa mwizi anaitambua, haina mwenyewe. Mpe mama yako. Usimtolee hotuba. Mwambie tu baba kaleta ya kubadilisha, ile ya bluu imepauka.

Waya uko bandani bado, haujashika kutu. Kuhusu waya sisemi kitu. Nasema tu kwamba nauona kila ninapoingia kuchukua jembe.

Ila mwambie jambo moja, la mtu anayejua kamba. Jua likizama aianue, aiingize ndani. Suruali ikilala nje, kila anayepita anajua mwenyewe hayupo.

Mimi baba yako,
Pazi, mwenye nguzo zisizoinama